Kasi ya Kumbukumbu na Kupandisha Saa ya Prosesa: Tuliyojifunza Bwizibwera



Jarida letu limezoea kukuletea makala ya sarufi, fasihi na mbinu za kufundisha. Safari hii tunakuomba ruhusa tuingie kidogo katika chumba cha mafundi. Kazi ya lugha siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta: tunarekodi wasemaji, tunanukuu maneno yao na kuyahifadhi kwenye faili. Kompyuta ikikosea, lugha tuliyoikusanya hupotea pamoja na kazi yote, na ndivyo ilivyotupata sisi.

Mwaka 2010 mwanafunzi mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Bwizibwera alikuwa pia akikusanya mifano ya Kiswahili kinachosemwa Nakivale. Bwizibwera ni mji mdogo wa Kashari, kaskazini mwa Mbarara, kwenye barabara iendayo Ibanda. Nakivale iko upande mwingine wa Mbarara, wilayani Isingiro, nayo ni makazi ya wakimbizi yaliyoanza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo utamkuta Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali, na mara nyingi wakikutana sokoni au kisimani Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa mtafiti wa lafudhi na msamiati, hapo ni shambani hasa.

Mwanafunzi huyo alirudi na rekodi za wazee, akazihamishia kwenye kompyuta ya kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Bwizibwera, akazibana katika faili moja, kisha akafuta kadi ya kinasa sauti ili aende kurekodi tena. Baada ya wiki alipotaka kuzisikiliza, kompyuta ikamjibu kwamba faili limeharibika. Kati ya rekodi kumi na moja, tatu hazikufunguka kabisa.

Fundi aliyeitunza kompyuta ile alikuwa kijana mwerevu na mwaminifu. Nilipomuuliza kama aliigusa, alinijibu bila kuficha: “Mwalimu, niliiongezea mbio. Ilikuwa inalala sana. Tangu hapo inafungua programu haraka, na haijawahi kuzima.” Maneno yake yote yalikuwa kweli. Kilichomponyoka ni kwamba alipoiongezea mbio prosesa, aliiongezea mbio na kumbukumbu pia, na kumbukumbu hiyo haikuwa na uwezo huo. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo hatua kwa hatua, ili lisimpate mwenzetu mwingine.

Maneno tutakayoyatumia

Katika fani hii istilahi zetu bado hazijatulia, na mafundi wa Mbarara wana maneno yao. Kwa hiyo tupatane kwanza.

Prosesa ni ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kutoa amri. Wengine huiita kichakata. Kumbukumbu katika makala haya ni ile ambayo mafundi huiita RAM, yaani mahali data inapowekwa kwa muda wakati kazi inaendelea. Umeme ukikatika, kilichomo hupotea. Isichanganywe na diski, ambako faili hulala hata mashine ikizimwa. Ubao mkuu ni ile sahani kubwa yenye nyaya zilizochapwa inayobeba vyote hivi, nao mafundi huuita madabodi. Bayosi ni programu ndogo ndani ya ubao huo inayoamka kwanza mashine inapowashwa, na ndimo mipangilio ya kasi inamobadilishwa.

Saa ya kompyuta si ile ya kuonyesha adhuhuri na magharibi. Ni kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kwa mpangilio, kama mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja. Kupandisha saa ni kuifanya prosesa ifuate mapigo ya haraka kuliko yale aliyoyapanga mtengenezaji.

Mpiga ngoma mmoja, wachezaji wengi

Watu wengi hudhani prosesa ina saa yake peke yake. Katika kompyuta za miaka ya 1990 na 2000 haikuwa hivyo. Ubao mkuu ulitoa mapigo ya msingi, na mapigo hayo ndiyo yaliyoongoza njia kuu ya data kati ya prosesa na vifaa vingine. Prosesa iliyachukua mapigo hayo na kuyazidisha kwa namba fulani, ambayo tutaiita kizidishi. Hesabu yake ni nyepesi: kasi ya njia kuu mara kizidishi ni sawa na kasi ya prosesa.

Sasa, ukitaka kuipandisha prosesa una milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuongeza kizidishi. Hapo prosesa peke yake ndiyo inayokwenda haraka. Lakini watengenezaji, hasa Intel, walikifunga kizidishi katika prosesa nyingi ili wauzaji wasiuze ya bei ndogo kwa jina la ya bei kubwa. Ukabaki mlango wa pili, nao ni kuongeza kasi ya njia kuu. Huo ulikuwa wazi, ila ukiupitia hupiti peke yako. Mpiga ngoma akiongeza kasi, wachezaji wote wanaomsikiliza huongeza kasi: prosesa, kumbukumbu, na wakati mwingine hata njia inayopeleka data kwenye diski.

Hapo ndipo kasi ya kumbukumbu inapopata uzito. Kila kipande cha kumbukumbu kimepimwa kiwandani na kuandikwa kasi yake. Kukiendesha juu ya kasi hiyo ni kukidai kitu ambacho mtengenezaji hakukiahidi. Huenda kikaweza, na huenda kisiweze.

Mfano mashuhuri wa mwaka 1998

Mfano unaokumbukwa sana na wapenzi wa kompyuta ni prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, iliyotoka Agosti 1998. Ilikuwa ya bei nafuu. Njia yake kuu ilikwenda megahezi 66 na kizidishi chake kilikuwa 4.5, hivyo prosesa ikafika megahezi 300. Watu wakagundua kwamba wakiipandisha njia kuu hadi megahezi 100, prosesa hiyo hiyo, kwa kizidishi kile kile, ilifika 450. Wengi walifaulu, wakapata nguvu iliyokaribiana na ya prosesa za bei ya juu zaidi.

Lakini haikuwa kwa kila mtu. Kwenye mbao nyingi zilizotumika kwa kazi hiyo, kumbukumbu ilikwenda sawasawa na njia kuu. Mwenye kumbukumbu ya zamani iliyopimwa kwa megahezi 66 alikuwa anaidai iende 100, yaani nusu zaidi ya kipimo chake. Mashine yake ama haikuwaka, ama iliwaka ikakwama. Mwenye kumbukumbu ya aina ya PC100, iliyopimwa kwa megahezi 100, hakuwa anaizidisha hata kidogo. Prosesa yake ndiyo iliyokuwa juu ya kipimo, kumbukumbu ikawa imetulia mahali pake. Watu wawili wenye prosesa moja walipata matokeo tofauti kwa sababu ya kumbukumbu.

Liko na jambo jingine la ajabu katika mfano huu. Wapo walioogopa kwenda 100 wakaona bora wasimame katikati, kwenye 83. Kwa akili ya kawaida, 83 ni salama kuliko 100. Kumbe sivyo. Njia ya vifaa vingine, ikiwemo ya diski, ilipaswa kwenda megahezi 33. Kwenye 66 ubao uligawa kwa mbili ukapata 33. Kwenye 100 uligawa kwa tatu ukapata 33. Lakini kwenye 83, ubao uliogawa kwa mbili ulitoa zaidi ya 41, na diski zikaanza kuandika vitu visivyosomeka. Tunalitaja hili kwa sababu linafundisha kwamba usalama hauko katika kupandisha kidogo tu. Uko katika kujua kila kifaa kinachofuata ngoma ile kimefikishwa wapi.

Hesabu ya kompyuta ya Bwizibwera

Turudi kwenye kibanda chetu. Kompyuta ile ilikuwa na prosesa ya Intel Core 2 Duo E6300, iliyotoka mwaka 2006. Njia yake kuu ilikuwa na mapigo ya msingi ya megahezi 266 na kizidishi chake kilikuwa 7, hivyo prosesa ilikwenda gigahezi 1.86. Kumbukumbu yake ilikuwa vipande viwili vilivyoandikwa DDR2-667.

Namba hii ya 667 huwachanganya wengi. Kumbukumbu za aina ya DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo la saa. Kwa hiyo DDR2-667 kwa kweli ina saa ya megahezi 333, nayo hupeleka data mara milioni 667 kwa sekunde. Ukitaka kujua saa yake, gawa namba iliyoandikwa kwa mbili.

Kijana wetu aliipandisha njia kuu kutoka 266 hadi 360. Prosesa ikawa 360 mara 7, yaani megahezi 2,520. Prosesa hizo zilijulikana kwa uvumilivu, nayo ilivumilia. Lakini ubao ule haukuwa na mpangilio wa kuifanya kumbukumbu iende polepole kuliko njia kuu. Kiwango chake cha chini kilikuwa moja kwa moja: njia kuu ikiwa 360, kumbukumbu nayo ni 360. Kwa hiyo vipande vilivyopimwa kwa 333 vilikuwa vikikimbizwa kwa 360, ambayo ni zaidi ya kipimo kwa asilimia 8.

Asilimia 8 ni kidogo, na udogo huo ndio uliotuponza. Kama ingekuwa asilimia 50, mashine isingewaka, na fundi angerudi nyuma siku ile ile. Kwa asilimia 8 mashine iliwaka vizuri, ikaandika barua, ikachapa mitihani. Kumbukumbu ilikosea mara chache tu, hasa mchana wa joto, na hasa faili kubwa zilipopita. Barua ya kurasa mbili ni ndogo sana, na uwezekano wa kuangukia kwenye kosa ni mdogo. Rekodi ya saa nzima ni mamilioni mengi ya baiti, na zote hupita kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa kwenye diski. Biti moja ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, diski huandika kosa hilo kwa uaminifu kabisa, kwani haijui kwamba ni kosa.

Kwa hiyo kosa la kumbukumbu ni baya kuliko kosa la prosesa. Prosesa ikizidiwa, mara nyingi mashine hukwama au huzima, nawe unajua kuna tatizo. Kumbukumbu ikizidiwa kidogo, mashine huendelea kukuchekea huku ikiharibu kazi yako.

Kumbukumbu ya haraka inaongeza nini?

Baada ya hayo msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi tusiiache kumbukumbu polepole, tukaipandisha prosesa peke yake? Ni swali zuri, na jibu lake lina pande mbili.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Ankole anauelewa. Katika kituo cha kukusanyia maziwa yuko mpimaji anayepima kila kopo kabla ya kulimimina kwenye tangi. Makopo huletwa na vijana wa bodaboda. Mpimaji ndiye prosesa, na bodaboda ni kumbukumbu. Ukimpa mpimaji vifaa vipya akapima kwa nusu ya muda, faida itaonekana iwapo makopo yamepangwa mlangoni. Kama makopo yanachelewa njiani, mpimaji atasimama na vifaa vyake mkononi akitazama barabara.

Tuweke hesabu. Tuseme kazi fulani inachukua sekunde 100: sekunde 60 prosesa inahesabu, na sekunde 40 inasubiri kumbukumbu. Ukiipandisha prosesa kwa asilimia 50 bila kuigusa kumbukumbu, zile sekunde 60 zinakuwa 40, lakini zile 40 za kusubiri zinabaki pale pale. Jumla ni sekunde 80. Umeongeza kasi ya prosesa kwa nusu, lakini kazi imekuwa nyepesi kwa robo tu. Kumbukumbu nayo ikipanda kwa kiasi hicho hicho, jumla hushuka hadi takriban sekunde 67.

Hata hivyo si kila kazi inasubiri namna hiyo. Ndani ya prosesa kuna hifadhi ndogo ya haraka sana iitwayo kashe, inayoweka vitu vinavyotumiwa mara kwa mara. Ni kama makopo machache yaliyokwisha kupangwa kando ya mpimaji. Kuandika barua au kusahihisha maandishi huishia humo humo, na kumbukumbu ya haraka haibadilishi mengi. Kubana sauti, kuhariri video au kutafuta neno katika matini marefu sana hudai data nyingi kutoka nje, na hapo kasi ya kumbukumbu huonekana.

Upande wa pili ni kwamba kasi ya kumbukumbu ina vipimo viwili, si kimoja. Kipo kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, na upo muda wa kungoja kabla data ya kwanza haijafika. Kumbukumbu ya megahezi 66 ilitumia nanosekunde 15 kwa kila pigo. Ikingoja mapigo mawili, hizo ni nanosekunde 30. Kumbukumbu ya megahezi 100 hutumia nanosekunde 10 kwa pigo, lakini ikiwekwa kungoja mapigo matatu, ni nanosekunde 30 zile zile. Iliyobadilika ni barabara: ya kwanza ilipitisha megabaiti 533 kwa sekunde na ya pili 800. Kopo la kwanza linafika wakati ule ule, ila yanayolifuata yanakuja kwa wingi. Kwa hiyo namba kubwa kwenye karatasi ya kumbukumbu isikudanganye. Tazama na namba za kungoja.

Namba hizo za kungoja pia ni dawa kwa anayepandisha saa. Kumbukumbu inayokosea kwa kungoja mapigo manne huenda ikatulia ikipewa matano, kwa sababu umeirudishia muda uliokuwa umeipunguzia. Unapoteza kidogo, lakini unapata kazi safi.

Mashine zilizofuata

Mambo hayakubaki hivyo. Mwezi wa Januari 2011 Intel walileta prosesa ambazo karibu kila kitu kilifuata mapigo ya msingi ya megahezi 100, na kuyagusa mapigo hayo kuliyumbisha mashine nzima. Badala yake waliuza aina maalumu zenye herufi K ambazo kizidishi chake kiliachwa wazi. Core i5-2500K ilitoka na kizidishi cha 33, yaani gigahezi 3.3. Ukikiweka 45, unapata 4.5, na kumbukumbu inabaki pale pale ilipokuwa. Mlango wa kwanza ulifunguliwa, kwa aliyenunua aina hiyo. Kwa mashine za namna hii, kumbukumbu haimzuii tena mtu kupandisha prosesa. Inabaki kuwa ile bodaboda ambayo prosesa huisubiri.

AMD walipoleta Ryzen mwaka 2017, uhusiano ukarudi kwa mlango wa nyuma. Ndani ya prosesa hizo kuna njia inayounganisha sehemu zake, na njia hiyo ilifungwa kwenye saa ya kumbukumbu. Ukiweka kumbukumbu ya DDR4-2133, njia ya ndani ilikwenda megahezi 1,066. Ukiweka DDR4-3200, ilikwenda 1,600. Hivyo kumbukumbu ya haraka iliharakisha na mazungumzo ya ndani ya prosesa. Katika kizazi cha mwaka 2019 kulikuwa na mpaka: karibu na DDR4-3600 viwili hivyo vilikwenda pamoja, lakini ukipita mbali zaidi mashine ilitenganisha mwendo wao, na muda wa kungoja ukaongezeka. Hapo kumbukumbu yenye namba kubwa zaidi iliweza kuwa polepole kuliko yenye namba ndogo.

Kanuni, kwa hiyo, imebadilika sura, lakini haikutoweka. Kabla ya kugusa chochote, jiulize: katika mashine hii, kumbukumbu inafuata ngoma ya nani?

Umeme na joto

Katika mazingira yetu kuna gharama nyingine ambayo wenye umeme wa kutosha hawaitaji sana. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, na huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Watu wengi wanapopandisha saa hulazimika kuongeza volteji kidogo ili mashine itulie. Tuseme umeongeza kasi kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10. Hesabu ni 1.2 mara 1.1 mara 1.1, inayotoa takriban 1.45. Yaani asilimia 45 ya umeme zaidi kwa asilimia 20 ya kasi. Prosesa ya wati 65 inakaribia wati 94.

Kwa aliye mjini Mbarara hilo ni shilingi chache kwenye bili. Kwa anayetegemea paneli ya jua na betri, kama walivyo wengi Nakivale, ni saa za kazi zinazopungua jioni. Na umeme huo wote hugeuka joto. Feni iliyojaa vumbi la kiangazi haiwezi kuliondoa, na kumbukumbu iliyo karibu nayo hupata sehemu yake. Kumbukumbu iliyotulia asubuhi yenye ubaridi inaweza kukosea saa nane mchana.

Hatua za kufuata

Tusingependa msomaji aondoke na hofu tu. Anayetaka kupandisha saa anaweza kufanya hivyo kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, jiulize kama unahitaji. Kompyuta nyingi zinazoitwa nzito zina kumbukumbu chache, wala si kumbukumbu za polepole. Kumbukumbu ikijaa, mashine huanza kutumia diski badala yake, na diski iko mbali sana nyuma kwa kasi. Kuongeza kipande kimoja kutakusaidia kuliko megahezi zote. Tena, kompyuta nyingi za mkononi na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi zimefungwa bayosi, hazipandishwi.

Pili, soma karatasi iliyobandikwa kwenye vipande vya kumbukumbu, kisha ufanye hesabu kwenye daftari kabla ya kuingia bayosi. Kama una vipande viwili vya kasi tofauti, hesabu kwa kile cha polepole.

Tatu, jaribu kimoja kimoja. Kama ubao unaruhusu, shusha mwendo wa kumbukumbu kwanza, uipandishe prosesa peke yake mpaka ujue uwezo wake. Kisha rudisha prosesa chini kwa kupunguza kizidishi, uijaribu kumbukumbu. Ukivipandisha pamoja, mashine ikikosea hutajua mwenye kosa.

Nne, panda kwa hatua ndogo, megahezi tano au kumi kwa mara moja. Mashine ikikataa kuwaka, zima umeme kabisa, toa ile betri ndogo ya duara kwenye ubao kwa dakika chache, na bayosi itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Tano, pima kumbukumbu kwa programu ya Memtest86, ambayo hupatikana bure na hufanya kazi kabla mfumo wa kompyuta haujawaka. Iache usiku kucha, kisha irudie mchana wa joto. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika. Kosa moja linatosha kukurudisha chini.

Sita, usifute rekodi ya asili mpaka nakala imefunguliwa na kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, na nakala ya pili imewekwa kwenye kifaa kingine. Hili ni la kufanya hata kama hujagusa saa ya mashine yako.

Hitimisho

Tulipoipima kompyuta ya Bwizibwera kwa Memtest86, kipande kimoja kati ya viwili kilitoa makosa kabla ya saa moja kwisha. Kijana fundi alisikitika, akataka kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Tulikaa na daftari tukapiga hesabu pamoja. Njia kuu ikiwekwa 333, kumbukumbu inakwenda 333, yaani kipimo chake kamili cha DDR2-667, bila kuzidishwa. Prosesa inakuwa 333 mara 7, gigahezi 2.33. Hiyo ni asilimia 25 juu ya kasi ya awali. Alipoweka hivyo, mashine ilipimwa usiku kucha na mchana wake, haikutoa kosa hata moja. Akabaki na sehemu kubwa ya mbio alizozitaka, na karibu na skrini akabandika karatasi yenye namba mbili: 333 na 667.

Mwanafunzi wetu alirudi Nakivale. Wazee wawili kati ya wale watatu aliwakuta, wakakubali kusimulia tena, ingawa simulizi la pili halifanani na la kwanza. Wa tatu alikuwa bibi kutoka upande wa Fizi, huko Kivu Kusini, aliyekuwa ameeleza majina ya mitego ya samaki aliyoitumia marehemu mumewe ziwani Tanganyika. Majirani walisema familia yake imekwisha kusafirishwa kuhamia nchi nyingine. Kwenye daftari la mwanafunzi mlikuwa na majina manne aliyoyaandika kwa mkono siku ile. Mengine yalikuwa kwenye rekodi.

Wenzetu mnaofanya kazi za kurekodi, tunawaomba mwanzoni mwa muhula mpime kumbukumbu za kompyuta zenu kabla ya kwenda shambani. Ni kazi ya usiku mmoja.